Taa nane na filimbi sitini na mbili: majirani tuchange jamani

Mulembe majirani. Wa hapa Busia upande wa Uganda na nyie mlioenda kutafuta Kampala, Nairobi mpaka Dubai, mama zenu bado wanalala huku so msipite tu.

Usiku ule wa mvua kubwa nililala mapema, simu iko kwa chaji juu ya meza, dirisha nimeacha wazi kidogo sababu ya joto. Mvua ikipiga mabati husikii kitu hata mtu akikuita jina lako. Saa tisa nashtuka naona mti mrefu unatembea ndani ya nyumba yangu, kwa ncha wamefunga waya umekunjwa kama ndoana, ushavuta suruali ya mzee na simu inafuata na chaja yake. Nikapiga kelele. Nani alitoka? Hakuna, na siwalaumu, nani atoke na kanga kwenye giza lile kupambana na watu hata hawaoni. Wiki hiyo hiyo kwa jirani walibeba sufuria ya maharage ikiwa bado kwa sigiri, asubuhi tukaikuta kando ya mtaro imelambwa safi. Hapo tulicheka. Lakini kijana wetu wa bodaboda alipoibiwa pikipiki ya mkopo, hajalipa hata nusu, hakuna aliyecheka tena.

Na Busia yetu mnaijua. Hilo jina boda boda lenyewe lilizaliwa hapa mpakani, enzi za baiskeli za kuvusha watu. Kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa 2018, malori yanapita pale na makaratasi yao, ila mwizi hana shida na pale, yeye ana njia za panya, kidogo tu kitu chako kiko Kenya na hapo kukitafuta ni kazi nyingine kabisa. Kwa hiyo tukimkosa ndani ya mtaa basi tumemkosa.

Ndio maana tulikaa na chemani wa LC1, ile serikali ya mtaa wetu, na difensi wake anayeshughulika na usalama, tukapiga hesabu. Taa nane za sola, kila moja 185,000, jumla 1,480,000. Kuna mtu aliuliza kwa nini sola na umeme upo. Jamani si mnakumbuka ile balbu ya kona, ilikuwa inakula Yaka, ule umeme wa kulipia kabla, ya mama mmoja, kila mtu anafurahia mwanga ila token ananunua peke yake, mwisho akaitoa na akanuniwa mtaa mzima. Sola haina hiyo kesi. Nguzo nane 240,000. Askari wawili wa usiku, 200,000 kila mmoja kwa mwezi, tuanze na miezi mitatu, hiyo ni 1,200,000. Gambuti na makoti yao ya mvua 156,000, tochi nne 100,000, halafu filimbi 62 za elfu mbili mbili, moja kila nyumba, 124,000. Yote inafika 3,300,000. Filimbi ndefu moja maana yake tokeni nje, fupi tatu vijana wanakimbilia njia za panya kuziba. Mtoto akiichezea mchana mzazi atanunua soda za kamati.

Sasa akikamatwa mtu, naomba sana, tairi hapana, tusimchome mtu. Tunampeleka polisi na aliyeibiwa anaenda kuandikisha taarifa siku hiyo hiyo, na risiti ya kitu chake. Watu wanalalamika eti mwizi anatoka baada ya siku mbili, ni kweli, Katiba kifungu cha 23 inasema mtu afikishwe kotini ndani ya saa 48, sasa kama hakuna aliyeenda kusema ameibiwa nini, afisa apeleke nini kotini? Piga *#06# leo, itatokea IMEI, namba ya kutambulisha simu yenyewe, iandike kwa daftari. Na nyie wenye nyumba za kupangisha, mpangaji mpya apite kwa chemani aandikwe. Msituletee watu wa usiku.

Najua mnachowaza. Ile pesa ya geti. Mimi pia nilitoa elfu ishirini na geti sijaliona mpaka leo. Safari hii pesa wanashika watu watatu, mmoja amechaguliwa na wapangaji wenyewe, na kila senti itabandikwa ukutani dukani, jina na kiasi, Jumapili kwa Jumapili. Mpaka sasa tunayo 1,140,000, imebaki 2,160,000. Nyumba 62 zikitoa 35,000 kila moja tumemaliza na inabaki elfu kumi ya maji ya kunywa. Usiye nayo yote lete kidogo kidogo, wajane na wazee kamati imewatoa, na mwenye nguvu aongeze juu yao. Namba ya mobile money iko kwenye ile karatasi ya dukani, msitume kwa namba nyingine yoyote hata mkiambiwa ni yangu.

Harambee yenyewe ni Jumapili hii saa tisa mchana uwanjani kwa chemani, waliotoka kanisani na waliotoka msikitini wote wanawahi. Chai ipo, chapati mama zetu wamejitolea unga. Na mwenye mikaratusi ya kukata atuambie kabla ya Ijumaa, tukipata nguzo za bure hiyo 240,000 inakuwa mshahara wa askari mmoja mwezi mzima na chenji.