Ganzi haikushika, hatujakuchoma maji

Jana mama mmoja katoka hapa kafura, anasema tumemchoma sindano ya maji badala ya ganzi halafu tumemwandikia sindano mbili kwenye risiti. Neno hilo tumelisikia sana kwenye hii kliniki ya meno, ngoja nilieleze vizuri.

Ganzi tunayotumia ni lidokeini iliyochanganywa na adrenalini. Lidokeini inaziba mshipa wa fahamu usipeleke maumivu, adrenalini inabana mishipa ya damu ili dawa isiondoke mapema. Sasa penye usaha nyama inakuwa na asidi na ganzi haipenyi kama inavyopenya kwenye fizi nzima, na huyo mama alikuja shavu limevimba wiki nzima. Gego la chini nalo lina mfupa mgumu, inabidi tuufuate mshipa wa fahamu kule nyuma ya taya, tena nasukuma dawa polepole maana ikiingia kwa kasi ndo inauma, halafu tunasubiri dakika 5 hata 10 mpaka mdomo wa chini ufe nusu. Hapo nagonga jino kwa mpini wa kioo nakuangalia macho. Ukikunja uso tu, sing'oi, naongeza sindano. Bei yetu ni pamoja na huo muda, na sindano mpya kwa kila mtu, siwezi kuipunguza kwa kukung'oa ukiwa unasikia.

Kinachowagharimu watu ni yale ya kujitibu nyumbani. Kuna kijana alisaga aspirini akaibandika kwenye fizi usiku kucha, akaja fizi nyeupe inachunika kama ngozi iliyoungua, na jino liko palepale linauma. Aspirini inamezwa, haibandikwi, ile ni tindikali! Mwingine alikuwa anameza diklofenaki na ibuprofeni kwa pamoja siku kadhaa, hizo ni dawa za maumivu za ukoo mmoja, alipofika kwetu jino lilikuwa afadhali kuliko tumbo. Hata parasetamoli ambayo watu wanaiona ya kawaida, mtu mzima asipite gramu 4 kwa saa 24, yani vidonge 8 vya miligramu 500, ukizidisha ini ndo linaumia na wala halikupi taarifa mapema.

Jino likianza kushtuka na maji baridi njoo hapohapo, ganzi inashika vizuri na mara nyingi tunaliziba tu. Na nikikuuliza umemeza nini tangu jana nitajie vyote, hata vile alivyokupa jirani.