Askari wa Posta aoshwe, asisuguliwe

Mhariri,

Sherehe zikikaribia na kingo za barabara zikianza kupakwa chokaa, hakosekani mtu wa kuuliza mbona sanamu ya Askari pale makutano ya barabara za Samora na Azikiwe, Posta, Dar es Salaam, haing'arishwi. Tupe nafasi tueleze kwa nini brashi ya waya na kopo la rangi vikae mbali naye.

Sanamu ile ya kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza, kazi ya Mwingereza James Alexander Stevenson, ilizinduliwa mwaka 1927. Ni ya bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati. Weusi wake na ukijani wake si uchafu. Ndiyo ngozi inayoilinda. Kijani kilichoshikamana, laini ukikigusa, hakina neno. Cha kuogopa ni unga wa kijani hafifu unaobaki kidoleni. Ukiuona, ujue chumvi ya bahari imeingia na inaila shaba. Huanzia kwenye mikunjo ya nguo na kwapani, mahali ambapo mvua haifiki kuosha.

Brashi ya waya huchana ngozi hiyo na kuacha chembe za chuma zinazoshika kutu. Dawa nyingi za kung'arishia shaba zina amonia, nayo huila shaba yenyewe. Rangi ndiyo mbaya kuliko vyote: hufungia unyevu na chumvi ndani, ikivimba inabanduka na kilicho chini yake.

Kinachotakiwa ni ndoo, sabuni ya maji isiyo kali na brashi ya manyoya laini. Anza juu, kwenye kofia, shuka hadi miguuni. Suuza kwa maji ya bomba, si ya kisima. Visima vingi vya Dar vina chumvi, utakuwa unarudisha ulichokiondoa. Zibua vitundu vya kutolea maji kama vipo. Acha ikauke kabisa, kisha paka nta nyembamba mara mbili, kila mara ukifuta kwa kitambaa cha pamba. Nta nene hunasa vumbi, na vumbi la Posta mnalijua. Rudia kila mwaka, kiangazi. Ule unga wa kijani lakini aachiwe mhifadhi wa metali, sabuni haiutibu.

Maandishi yatakeni mswaki laini tu, maana ni ya kusomwa. Kiswahili kimo mara mbili, kwa herufi za Kirumi na za Kiarabu, na wapagazi wametajwa kuwa miguu na mikono ya jeshi. Sanamu mwenzake ya Nairobi imemsimamisha mpagazi pamoja na askari. Hapa kwetu aliyesimama juu, singe ikielekea bandarini, ni askari peke yake. Mpagazi msome chini. Jina la kikosi chake, Carrier Corps, konda wa daladala analiita kutwa nzima: Kariakoo.

Mafundi wa kuhifadhi sanamu,
Dar es Salaam