Mkataba Uliotiwa Saini Kando ya Ziwa Letu

Section 58, Nakuru
Jumapili jioni

Mwalimu,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Ujumbe wako ulinikuta kwenye foleni ya benki siku ya pensheni. Nikausoma mara mbili, nikaona haujibiki kwa kidole kwenye simu. Nimetoa kalamu. Mama watoto amenichungulia, akauliza kama nimeanza tena kusahihisha insha.

Unasema binti anaandika tasnifu kuhusu Mindanao, kusini mwa Ufilipino, na amekwama penye swali moja: serikali na watu waliotaka kujitenga wakishatia saini, ni nani anayekagua kama yaliyoandikwa yanatendeka, na ukaguzi wenyewe unasaidia nini? Ukamwambia amuulize anko wa historia. Ufilipino sijafika, na kwa pensheni hii sitafika. Lakini Naivasha ni mwendo wa matatu, na mkataba wa amani kati ya Kaskazini na Kusini mwa Sudan ulioandikwa pale nimeufuatilia tangu nikiwa na nywele nyeusi. Nianzie hapo, halafu yeye atapima mwenyewe na ya kwake.

Unakumbuka Julai 2003? Wewe na mimi tulikuwa tunapanga ratiba ya mock, na hapa hapa mjini wapatanishi wa IGAD, jumuiya ya nchi za kanda yetu, wakiongozwa na Jenerali Lazaro Sumbeiywo, waliwawekea wajumbe wa Sudan rasimu ya makubaliano mezani. Khartoum, yaani serikali ya Sudan, ikaikataa katakata. Mpaka leo wanaosoma habari za Sudan wanaiita "rasimu ya Nakuru", na ukiwauliza watu wa Section 58 hawajui kama mji wao umewahi kutoa kitu kikakataliwa namna hiyo. Septemba, John Garang, kiongozi wa SPLM, waasi wa Kusini, na Ali Osman Taha, makamu wa rais wa Sudan, wakakutana ana kwa ana Naivasha, na kuanzia hapo kazi ikasonga: mpango wa majeshi tarehe 25 Septemba 2003, mgawo wa mali tarehe 7 Januari 2004, na tarehe 26 Mei itifaki tatu kwa mkupuo, za madaraka, eneo la mpakani la Abyei, na majimbo ya Kordofan Kusini na Blue Nile. Viambatisho vya mwisho vilitiwa saini Naivasha mkesha wa mwaka mpya, Rais Kibaki na Rais Mbeki wakishuhudia. Tarehe 9 Januari 2005 ikawa sherehe yenyewe, Nyayo Stadium.

Shemeji yangu alikuwa akipeleka mboga kwenye hoteli za South Lake Road miaka ile. Alichokuwa akijua yeye kuhusu amani ya Sudan ni kwamba oda ya sukumawiki iliongezeka na askari wa getini walizidi ukali. Siku moja aliniambia, "Hawa watu wanaandika sana. Taa haizimwi." Nilicheka. Baadaye niliposoma mkataba wenyewe, kurasa baada ya kurasa, nikamwelewa.

Sasa mwambie binti kitu kimoja kabla hajateleza. SPLM ya Garang, kwa maneno yake, haikupigania kujitenga. Mwenyewe alihubiri "Sudan Mpya", nchi moja yenye haki. Wafuasi wake wengi walitaka nchi yao, na Itifaki ya Machakos ya tarehe 20 Julai 2002 ikawapa njia: miaka sita ya mpito, halafu Kusini ipige kura ya kubaki au kuondoka. Katika miaka hiyo sita pande zote mbili zilijifunga kuufanya umoja uwavutie watu wa Kusini. Hebu niambie, Mwalimu, hilo utalikaguaje? Unapimaje mvuto? Ni kama ule mtaala uliotuletea "kumjengea mwanafunzi mtazamo chanya", tukajaza fomu za ukaguzi muhula mzima bila kujua tunaweka tiki ya nini.

Na hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu watu wakizungumzia mkataba uliokufa huwa wanazungumzia nia. Fulani hakuwa na nia njema. Sawa, nia mbaya ilikuwepo ya kutosha, ya kujaza lori. Lakini nia hiyo hiyo mbaya ilishindwa na vipengele fulani na ikashinda vingine. Ukivitenga, utaona vilivyopona vina sura moja: vina tarehe, au vina hesabu inayoweza kuhesabiwa na mtu wa nje. Vilivyokufa vimeandikwa "pande husika zitakubaliana".

Mafuta, kwa mfano. Mkataba ulisema asilimia 2 iende kwa majimbo yanayochimbwa, yanayobaki ya visima vya Kusini yakatwe nusu kwa nusu kati ya Khartoum na Juba, serikali ya Kusini. Kusini walilalamika miaka yote kwamba hawaoni vitabu vya hesabu, na walikuwa na haki ya kulalamika. Hata hivyo pesa zilitumwa. Kugombana juu ya kiasi si sawa na kugombana juu ya kama deni lipo.

Chukua vikosi vya pamoja. Idadi iliandikwa: askari 39,000, nusu kwa nusu kutoka pande zote mbili, 24,000 kati yao Kusini. Wakahesabiwa, wakavikwa, wakawekwa. Ila hakuna aliyeweza kuandika tarehe ya wao kuwa jeshi moja. Walilala kambi mbalimbali, kila mmoja na mkubwa wake, na katika mji wa Malakal walipigana wenyewe kwa wenyewe, Novemba 2006 na tena Februari 2009. Mkaguzi akija anaandika kweli kwamba kikosi kipo.

Sasa Abyei. Itifaki ilisema siku ile ile Kusini inapiga kura, wakazi wa Abyei nao wapige yao, wachague kubaki Kaskazini au kwenda Kusini. Mkazi ni nani? Wangok Dinka, na Wasudani wengine wanaokaa pale. Je, Wamisseriya, wafugaji wa Kaskazini wanaoshuka na ng'ombe kila kiangazi wanakaa pale au wanapita? Jibu likaachiwa tume ya kura ya Abyei. Tume yenyewe haikuundwa kamwe. Mpaka ulichorwa na wataalamu Julai 2005, Khartoum ikaukataa. Ukaenda The Hague, mahakama ikaupunguza Julai 2009, pande zote zikasema zimekubali, na hakuna kilichofanyika. Wewe na mimi tuliolelewa karibu na wafugaji na wakulima tungewaambia tangu siku ya kwanza kwamba kuacha swali la "nani mwenyeji" likiwa wazi ni kuacha kiberiti kwenye nyasi.

Na wakaguzi walikuwepo! Hili ndilo la binti hasa. Mkataba uliunda Tume ya Tathmini: watu watatu wa serikali, watatu wa SPLM, Kenya na Ethiopia kwa niaba ya IGAD, Italia, Uholanzi, Norway, Uingereza na Marekani, na waangalizi kutoka Umoja wa Mataifa, Umoja wa Afrika, Umoja wa Ulaya na Jumuiya ya Nchi za Kiarabu. Watu wazito. Lakini angalia nani wamekaa mezani: wahusika wenyewe wanakagua kazi yao wenyewe, kalamu nyekundu mkononi. Sisi tumewahi kuwapa wanafunzi wabadilishane madaftari wasahihishiane, tunajua walivyokuwa wakihurumiana. Hawa walikuwa wanachukiana, ikawa kila mmoja anazuia mwenzake asimwandikie sifuri.

Tathmini ya nusu muhula ilitoka Julai 2008. Miezi miwili kabla, Mei, mji wa Abyei ulikuwa umechomwa na watu kama 50,000 wamekimbia. Nilipogundua tarehe hizo zinafuatana hivyo nilifunga kitabu nikatoka nje kumwagilia vitunguu.

Nisiwadharau sana. Ripoti zile zilifanya kazi moja ambayo sikuiona wakati ule: ziliweka kumbukumbu. SPLM ilipowatoa mawaziri wake serikalini Oktoba 2007 ikidai mkataba unakanyagwa, ilikuwa na orodha mkononi, si hasira tu, na Desemba ikarudi baada ya kuahidiwa baadhi ya mambo kwenye orodha hiyo. Mkaguzi asiye na fimbo anaweza angalau kuwa na daftari.

Kilichookoa kura ya Kusini ni nini basi? Garang alishakufa, helikopta ilianguka Julai 2005, wiki tatu tu baada ya kuapishwa. Sensa ilichelewa, uchaguzi ulichelewa mpaka Aprili 2010, sheria ya kura ikapita dakika za mwisho Desemba 2009. Kila kitu kilisogezwa, isipokuwa tarehe ile ya Januari 2011. Kila mtu wa Kusini aliijua, hata bibi asiyejua kusoma. Nilikuwa na mwanafunzi kutoka Bor, huko Kusini, mrefu kama nguzo ya stima, aliiandika nyuma ya kila daftari lake, kuanzia Kidato cha Kwanza. Tarehe 9 Januari ikafika, kura ikaanza, na asilimia 98.83 wakachagua kuondoka. Nadhani serikali yoyote ingeogopa kuigusa tarehe iliyoandikwa kwenye madaftari mengi hivyo. Ya Abyei, iliyopaswa kuwa siku hiyo hiyo, ilipita kimya.

Kule kwa binti naona kitu kinachofanana, ingawa yeye atanisahihisha. MNLF, kundi la Waislamu waliopigania kujitenga, ilitia saini na Manila, yaani serikali ya Ufilipino, tarehe 2 Septemba 1996. Zaidi ya miaka 10 baadaye serikali, MNLF na Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu wakaanza kukaa kukagua utekelezaji, na kikao kikazaa kikao mpaka Januari 2016. Katikati ya ukaguzi huo, Septemba 2013, wapiganaji wa mrengo mmoja wakaingia mji wa Zamboanga na mapigano yakaendelea kwa wiki kadhaa. Wakati huo huo serikali ilikuwa ikielewana na kundi jingine lililomeguka kutoka MNLF, yaani MILF, na mkataba wao ukatiwa saini tarehe 27 Machi 2014. Mzee Misuari wa MNLF alikuwa anakaguliwa nyumba yake huku jirani anajengewa mpya kwenye kiwanja kile kile. Hata mimi ningeuliza mnakagua nini.

Ila hao wa 2014 walijifunza. Waliweka timu ya upande wa tatu ya kufuatilia, Wafilipino na wageni wasio wa upande wowote, na wakaandika kwamba hati ya kufunga mchakato haitiwi saini mpaka yote yatimizwe. Hiyo ya mwisho naipenda na inanitisha. Inamzuia mtu kutangaza amani kabla ya wakati, lakini pia ni mlango usio na tarehe. Wapiganaji 40,000 walipaswa kuweka silaha kwa awamu, na uchaguzi wa bunge lao uliokuwa ufanyike 2022 ukasogezwa 2025, halafu ukasogezwa tena. Sudan Kusini nayo imeonja dawa hiyo: mkataba wao wa Septemba 2018, wa kumaliza vita vya wenyewe kwa wenyewe, umeongezewa muda mara kwa mara, na uchaguzi wa Desemba 2024 ukapelekwa Desemba 2026. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na huko matumbo yameshaumia.

Utaniuliza kwa nini mzee wa Nakuru ananung'unika kama alikuwa mjumbe. Ni kwa sababu ya josho la ng'ombe, Mwalimu.

Unajua baada ya vurugu za uchaguzi za 2008 niliingizwa kwenye kamati ya amani ya kule juu, upande wa Molo. Wazee wa Kikuyu na wa Kalenjin wa kaunti walitia saini makubaliano makubwa 2012, lakini yetu yalikuwa madogo, ya vijiji viwili, karatasi moja na nusu. Tuliandika mambo mawili makubwa. La kwanza: soko la pamoja lirudi Jumanne ya kwanza ya mwezi unaofuata. La pili: josho lililovunjwa likarabatiwe "haraka iwezekanavyo, kwa ushirikiano wa pande zote". Mimi ndiye niliyeandika sentensi hiyo. Niliiona tamu. Soko likarudi Jumanne ile, akina mama watano tu mara ya kwanza, wamekaa mbalimbali kama wamegombana, na viazi vyao. Wiki ya tatu walikuwa wanakopeshana chenji. Josho tumelikagua mara 11. Nina kumbukumbu za kila kikao kwa mwandiko wangu mzuri, na afisa mmoja ambaye simtaji alikuwa anazisifu mbele ya wageni. Mara zote 11 kila upande ulisema unamngoja mwingine alete simiti.

Mwisho vijana wa pande zote mbili walichoka, wakaanza kunyunyizia ng'ombe dawa kwa pampu ya mgongoni, kila mtu kwake. Josho lina mti ndani sasa, mkubwa wa kufunga mbuzi.

Kwa hiyo mwambie binti asianze na hotuba wala na ripoti za tume. Achukue mkataba wake, apitie kipengele kwa kipengele na kalamu mbili. Penye siku na idadi apige mstari kwa moja, penye "zitakubaliana" apige kwa nyingine, kisha aende kuuliza watu wa pale, si mawaziri, kipi wanakikumbuka kwa tarehe. Akipata muda wa likizo aje. Tutashuka Naivasha tule samaki, nimwonyeshe barabara alikopita shemeji na mboga zake. Ziwa limepanda, limemeza nyumba za watu kule Kihoto, kwa hiyo aje na gambuti. Na huku kwetu geti la zamani la mbuga liko majini, utalikumbuka, ndipo tulipopigia picha ile ya Kidato cha Nne.

Nisalimie mama na wajukuu. Ukija wewe mwenyewe, beba omena. Za hapa mjini zina mchanga.

Ni mimi mwalimu mwenzako,
wa historia na viazi