Uzi wa kufungia nyaya: mahali pa kuupata Kisumu na namna ya kuufunga

Ukizunguka maduka ya stima hapa Kisumu ukiulizia uzi wa kufungia nyaya, karibu kote utajibiwa hivi: huo hatuna, chukua tai za plastiki. Wenye maduka hawakudanganyi. Rafu zao zimejaa tai hizo, nyeupe na nyeusi, pakiti kwa pakiti, na ule uzi mwembamba wa nta ambao mafundi wa ndege na wa mitambo ya simu wameutumia miaka nenda miaka rudi hauonekani. Lakini uzi unaoweza kufanya kazi hiyo umejaa mjini. Unauzwa tu na watu ambao hawana habari na mambo ya stima: wauza nyavu na wauza vifaa vya mafundi viatu.

Kabla ya kufika huko, kuna swali tunaloulizwa sana dukani kwetu. Kwa nini mtu aache tai inayofungwa mara moja kwa kidole, aende kuhangaika na mafundo? Kwa kazi nyingi, asiiache. Ukifunga nyaya za runinga nyuma ya kabati, au unataka kushikilia kitu kwa muda tu, tai ya plastiki inatosha na sisi wenyewe tunaiuza. Shida huanza sehemu mbili: penye jua na penye mtetemo.

Tai nyeupe za kawaida ni nailoni isiyo na kinga ya jua. Ipandishe juu ya paa la mabati, chini ya paneli za sola, katika mji ulio karibu kabisa na ikweta na mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mwanga wa jua utaila polepole mpaka ikauke na kukatika yenyewe. Mteja hupanda paa kusafisha paneli akakuta kebo zinaning'inia zikisugua ukingo wa bati. Tai nyeusi, zile zilizochanganywa na masizi ya kaboni ili zistahimili jua, hudumu zaidi. Ila si kila tai nyeusi ina mchanganyiko huo. Nyingine zimetiwa rangi tu, na kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Mtetemo ni habari nyingine. Mwenye mashine ya posho upande wa Ahero alituita kwa sababu kila akiwasha mota, breka ya stima inaanguka. Tulipofungua kisanduku cha stata, yaani cha kuwashia mota, nyaya zilikuwa zimefungwa kwa tai moja nene, imekazwa kwa koleo hadi mwisho. Kichwa cha tai kilikuwa kimejichimbia kwenye ganda la waya wa fezi, ule unaoleta stima, na kwa kutetemeka siku nzima pamoja na mashine, kikalila ganda lile mpaka shaba ikatokea nje, tundu la ukubwa wa punje ya mtama. Tundu lenyewe lilikuwa limeelekea ubavu wa kisanduku cha chuma, na mashine ikitetemeka shaba iligusa chuma, breka ikaanguka. Mota haikuwa na neno. Tulibadilisha waya, tukafunga fungu lote upya kwa uzi, mashine ikaendelea kusaga.

Uzi hauna kichwa wala pembe. Unalala bapa juu ya nyaya, unabana pande zote sawasawa, na hauachi ile ncha iliyokatwa inayomchana mkono fundi atakayefungua kisanduku baada yako. Tai ya plastiki yenyewe ilibuniwa ili kumpunguzia kazi fundi wa nyaya za ndege, na kampuni ya Thomas & Betts ya Marekani ikaitoa mwaka wa 1958. Hata hivyo uzi haujaondoka: NASA bado inafunga kwa uzi nyaya za vyombo vyake vya angani. Ubaya wake ni muda. Fungo moja la uzi huchukua muda wa tai kadhaa, na ukitaka kuongeza waya mmoja baadaye, inabidi ukate ufunge tena.

Sasa tuje kwenye kununua.

Kisumu ni mji wa samaki, na penye nyavu pana uzi. Muulize muuza nyavu uzi wa kushonea au kutengenezea wavu, ule wa nailoni uliosokotwa. Utakuta roli zimeandikwa 210D/9, 210D/12, 210D/18 na kuendelea. Namba ya kwanza ni uzito wa uzi mmoja mdogo, yaani gramu 210 kwa kila mita 9,000. Ya pili ni idadi ya nyuzi hizo zilizosokotwa pamoja. Kwa nyaya za ndani ya kisanduku au za tuktuk sisi hupenda 12. Fungu nene la kebo za betri na inveta linataka 18 au zaidi. Chini ya 9 usishuke: uzi mwembamba sana ukikazwa hukata ganda la waya, na hapo utakuwa umejiletea shida uliyokuwa ukiikimbia.

Usikubali kupewa uzi unaong'aa kama wa ndoano, ule wa uzi mmoja tu. Kwanza unateleza, fundo halishiki. Pili ni mgumu na unakata. (Nyavu zake zimepigwa marufuku ziwani kwa sababu nyingine kabisa, lakini na sisi tumezipiga marufuku dukani.)

Wauza vifaa vya viatu, wale wanaowauzia mafundi wa soko la Kibuye soli na gundi, wana uzi mnene wa kushonea ngozi kwa mkono. Mara nyingi ni poliesta, na mwingine umeshapakwa nta tayari. Huu ndio tunaoupenda kuliko wote, hasa ukiupata ule bapa. Nailoni ikilowa hunywa maji na kurefuka, fungo likalegea. Poliesta hainywi maji kiasi cha kukusumbua, na juani inavumilia kuliko nailoni ya kawaida. Kwa hiyo nyaya za juu ya paa, na nyaya za taa za kuvulia omena kwenye mitumbwi ya Dunga, tunazifunga kwa poliesta peke yake. Uzi wa nailoni wa nyavu ubaki ndani: ndani ya nyumba, ya visanduku na ya tuktuk.

Uzi wa kushonea magunia una sura ya kufaa na bei yake ni nzuri, ndiyo maana watu huuchukua. Uache. Mwingi ni polipropilini, na jua huila haraka. Ule uliokaushwa na jua ukiusugua unatoa unga mikononi. Ukitilia shaka uzi wowote, kata kipande kidogo kabla hujaupaka nta, kiloweshe vizuri kwa vidole ndani ya glasi ya maji yenye tone la sabuni ili mapovu ya hewa yatoke, halafu kiachie. Polipropilini huelea. Nailoni na poliesta huzama. Katani na pamba nazo ziache, zinafyonza maji na kuoza.

Kama uzi haujapakwa nta, paka mwenyewe. Nunua kibonge cha nta ya nyuki, bana uzi juu yake kwa dole gumba, vuta mara mbili tatu, kisha upitishe kwenye kitambaa ili nta iingie na ya ziada itoke. Kazi ya nta ni moja: kufanya fundo la kwanza likae mahali pake unapotafuta la pili. Lakini kumbuka nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64 hivi. Karibu na ekzosi ya tuktuk au kichwa cha injini itachuruzika na kukusanya vumbi, kwa hiyo sehemu hizo tumia poliesta bila nta, na fungu lenyewe lisogeze mbali na moto.

Uko pia uzi halisi wa kazi hii, bapa, uliofumwa kama utepe mwembamba, ambao huagizwa kutoka nje. Ukiagiza, angalia namba ya kiwango cha Marekani: A-A-52081 ni poliesta, A-A-52080 ni nailoni, A-A-52084 ni aramidi, ile isiyoyeyuka kwa moto. Tunauagiza kwa mteja ambaye mkataba wake unaudai. Na fundi wa ndege asifuate ushauri wa makala hii hata kidogo. Ana kitabu chake kinachomwambia atumie uzi gani, na uzi wa nyavu haumo.

Kufunga kwenyewe si kugumu, ila vidole vinahitaji kuzoea. Jifunze kwa kalamu nne tano zilizoshikwa pamoja kabla hujaenda kwenye nyaya.

Pitisha uzi nyuma ya fungu, ulete mbele, uvushe juu ya wenyewe kwa mshazari, uzungushe nyuma mara ya pili, kisha ingiza ncha chini ya ule mshazari. Vuta ncha zote mbili. Utaona mistari miwili iliyolala sambamba na mmoja umepanda juu yake. Hapo fungu limebanwa, lakini halijafungwa. Sasa piga fundo lile wanalofundishwa skauti, kulia juu ya kushoto halafu kushoto juu ya kulia, ila katika hatua ya kwanza zungusha ncha mara mbili badala ya moja, ili lisirudi nyuma wakati unamalizia. Ukirudia kulia juu ya kushoto mara zote mbili umepata fundo linaloteleza, na kwenye mashine ya posho halitamaliza wiki. Kata ncha ukiacha kama nusu sentimita hadi sentimita moja. Usichome ncha kwa kiberiti ukiwa juu ya nyaya, na karibu na betri usithubutu.

Kukaza: nyaya zisiteleze ukizivuta kwa vidole, na ganda lisibonyee. Basi. Uzi ukikukata mkono, uzungushe kwenye mpini wa bisibisi uvutie hapo.

Fungu refu linaweza kufungwa kwa uzi mmoja usiokatwa, unaotembea juu ya nyaya na kupiga kitanzi kila baada ya umbali fulani. Hapa ndipo mafundi wengi hukosea, maana kuna vitanzi viwili vinavyofanana kabisa kwa macho. Katika kile kinachofaa, ncha hutoka kwa kupita chini ya uzi wa kitanzi chenyewe na kujifunga hapo. Kile kingine kinaegemea tu. Namna ya kujua: piga vitanzi vitatu juu ya kalamu, kisha chomoa kalamu uvute uzi. Yakibaki mafundo matatu, umefunga sawa, na hata uzi ukikatika mahali pamoja kwingine kutashika. Uzi ukinyooka wote bila fundo, rudia. Sisi huweka kitanzi kila sentimita nne au tano kwa fungu la unene wa kidole, na kila nyaya zinapotoka kwenye fungu tunaweka fungo kabla na baada.

Kufunga vizuri kunaweza pia kuharibu, na hili tunalisema hata kwa wateja wasiouliza. Nyaya zikibanwa pamoja hazipoi. Majedwali ya kanuni za nyaya za Uingereza, BS 7671, ambayo mafundi wengi wa Kenya wamefunzwa nayo, yanataka sakiti (njia za stima) tatu zilizofungwa pamoja zihesabiwe kwa 0.70: waya uliokuwa unabeba ampia 20 ukiwa peke yake sasa ubebe 14. Sakiti sita, 0.57. Kwa hiyo usikusanye kebo ya kuoga maji moto, ya jiko na ya soketi katika fungu moja kwa sababu tu linapendeza. Nyaya za stima ya volti 240 zisifungwe pamoja na za kamera au intaneti, wala kebo ya paneli za sola pamoja na ile inayotoka kwenye inveta. Nyaya za intaneti zenyewe zifunge kwa ulegevu, maana zikibanwa sana mwendo wa data hudhurika. Na uzi haubebi mzigo. Kebo nzito inayoning'inia ukutani inataka klipu na skrubu.

Kabla ya kugusa chochote ndani ya kisanduku, zima stima na upime kwa tester kwamba kweli imezimika. Kazi ya kuunganisha nyaya za nyumba ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli ya Kenya. Kufunga fungu la tuktuk yako, endelea.

Dukani tuna poliesta iliyopakwa nta kwa mita na kwa roli. Pia tunafunga upya visanduku vya stata, nyaya za inveta na betri, na nyaya za tuktuk na mitumbwi. Wiki iliyopita fundi mmoja aliniambia, "Omera, nipe tu huo mnene kuliko wote," kumbe anafunga nyaya za redio. Kwa hiyo ukipiga simu au ukituma picha, tuambie mambo matatu: fungu lina unene gani, liko ndani au juani, na kuna moto au mtetemo karibu. Wa Siaya, Busia na Kakamega tunawatumia kwa matatu. Oda ikitufikia kabla ya saa nane mchana, mzigo huondoka siku hiyo hiyo.