Njia ya Natron haina mizani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nitoe jambo lililonikaa kifuani tangu Februari mwaka jana. Mimi ni mpagazi. Nakaa Kiboriloni, hapa Moshi, na huu ni mwaka wa 11 nabeba mizigo ya watalii. Mlimani wanatuita wagumu, na sisi wenyewe tunaitana hivyo.

Watu wakisikia mpagazi kaugua kazini wanawaza baridi. Ni kweli, baridi ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, inaua, na kukosa hewa kunaua. Lakini siku hizi kuna safari nyingi za miguu huku chini nyikani, kutoka kijiji cha Engaruka kupita milima ya Kerimasi na Ol Doinyo Lengai mpaka Ziwa Natron. Huko cha kuogopa ni jua, na huko hakuna anayetupimia chochote.

Siku hiyo tulikuwa wawili kutoka Moshi, mimi na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Mimi ndiye niliyemwingiza kwenye kazi hii baada ya kumaliza kidato cha nne. Wageni walilala Engaruka. Asubuhi walikuwa waone magofu, wapumzike, kisha jioni waletwe na gari hadi kambi mpya chini ya Kerimasi. Sisi tulitakiwa kutangulia kwa miguu na punda sita, tukaisimamishe hiyo kambi. Punda walikuwa wa kijana mmoja wa Kimaasai, mwenyeji wa pale, naye ndiye aliyetuongoza njia.

Kijana huyo alikuja saa kumi alfajiri, giza bado. Akasema tupakie, tuondoke sasa hivi, ili saa nne tuwe tumeshafika mahali pa kupumzika. Kiongozi wa msafara akakataa. Meza, viti na vyombo vya chai vyote vilikuwa vya kupanda kwenye punda, na wageni hawajanywa chai. Kijana akachuchumaa karibu na punda wake akangoja. Tuliondoka saa tatu na nusu, wakati mbuzi wa Engaruka walikuwa wamekwenda malishoni siku nyingi.

Maji yaligawiwa hivi: kila mmoja wetu chupa mbili za lita moja na nusu, basi. Juu ya punda wa mwisho kulikuwa na katoni mbili za maji ya wageni, zimefungwa selotepu, zimehesabiwa, na tuliambiwa zifike kama zilivyo.

Nieleze mahali penyewe kwa wasiopajua. Ukitoka Engaruka kwenda kaskazini, ukuta wa Bonde la Ufa unakuwa mkono wa kushoto, mlima Kitumbeine mkono wa kulia, mbele yako Kerimasi, na nyuma yake Lengai umesimama peke yake, kilele cheupe. Weupe ule si theluji. Lava ya mlima ule inatoka nyeusi, ikikaa hewani inageuka nyeupe kama magadi. Ulipolipuka mwaka 2007 hadi 2008 ulimwaga majivu mengi, na ardhi ya huko chini ni ya majivu ya volkano, laini, mguu unazama. Arusha mjini uko kama mita 1,400 juu ya bahari. Natron ni kama mita 600. Yaani ukitoka Arusha kwenda huko unashuka, na kila unavyoshuka joto linapanda. Saa sita mchana jua linakupiga kutoka juu, mchanga unakupiga kutoka chini, na ule ukuta wa mawe wa kushoto unatoa joto kama ukuta wa tanuri la mikate.

Ubaya mwingine wa huko ni kwamba hewa ni kavu. Hapa Moshi ukifanya kazi juani shati linalowa, unajua kabisa unatoka jasho, unatafuta maji. Kule jasho linakauka kabla hujaliona. Mtu anayetembea na kufanya kazi kwenye jua la namna ile anaweza kupoteza lita nzima kwa saa moja, na asiwe na unyevu hata kwapani. Unadhani uko salama.

Saa tano na nusu chupa zetu zilikuwa zimekwisha. Yale ya mwisho yalikuwa ya moto, ungeweza kutia majani ya chai. Soli ya buti langu la kulia iliachia gundi, nikaifunga kwa kamba ya hema. Nilipoinuka ndipo nikaona mgongo wa shemeji. Alikuwa amevaa shati la bluu, na mgongoni palikuwa na mistari myeupe ya chumvi, mmoja juu ya mwingine, kama alama ambazo maji huacha kwenye ukuta wa tangi yanapopungua. Katikati ya mgongo palikuwa pakavu kabisa.

Shemeji ni mtu wa nyimbo. Mlimani yeye ndiye anayeanzisha na wengine wanaitikia. Nikagundua sijasikia sauti yake muda mrefu. Nikamwita, nikamuuliza, "Vipi, shemeji, uko poa?" Akasema yuko poa. Sote tunajibu hivyo. Ukisema hujisikii poa, safari ijayo jina lako halipo kwenye orodha.

Kama robo saa baadaye akaacha njia. Akakata kulia, kuelekea Kitumbeine, anatembea kama mlevi, mguu mmoja unavuka mwingine. Nikamkimbilia. Akanitazama vizuri tu, macho mekundu, akaniuliza kwa upole:

"Shemeji, gari la Himo limeshapita?"

Mhariri, nilisikia tumbo likinikata. Tuko kwenye tambarare isiyo na nyumba, na mtu niliyemtoa kwao ananiuliza gari la Himo, huko kwetu Kilimanjaro. Nikamshika paji la uso. Lilikuwa kavu, linachoma kama sufuria.

Yule kijana alimwangalia mara moja tu akasema, "Huyu asitembee tena." Akatuonyesha korongo. Tukambeba. Ukingo wa korongo ulikuwa unatoa kivuli cha upana wa mkeka, tukamlaza humo, tukamvua shati na buti. Kisha nikaenda kwa yule punda wa mwisho, nikachana selotepu kwa kisu cha jikoni.

Sikumnywesha kwanza, kwa sababu mtu aliyechanganyikiwa unaweza kumpalia. Nilimmwagia. Kichwani, shingoni, kwapani, kifuani, mapajani. Maji yenyewe yalikuwa ya vuguvugu, lakini kijana alichana boksi akawa anampepea kwa nguvu, na ule upepo juu ya ngozi iliyolowa ndio uliomshusha joto. Tulimwagia, tukapepea, tukamwagia tena. Chupa ya nne alianza kutetemeka midomo. Ya tano akalitaja jina langu.

Hapo ndipo nikachukua chumvi na sukari kwenye sanduku la mpishi. Kliniki ya watoto walitufundisha siku mwanangu alipoharisha: lita moja ya maji, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Nikakadiria kwa chupa ya lita moja na nusu, nikamnywesha kidogo kidogo kwa kifuniko. Kijana alipanda juu ya ukingo kutafuta mtandao, akapiga simu Engaruka. Bodaboda ilifika jua likiwa limeinama. Shemeji alikaa katikati, mtu mmoja nyuma amemshikilia, akapelekwa zahanati akatundikiwa dripu. Mhudumu aliyempokea aliniambia baadaye kwamba joto la mwili likipanda kiasi kile, ubongo na figo ndivyo vinavyoumia, na kama tungelazimisha kumtembeza hadi kambini tungefika na maiti.

Mwisho wa safari, wakati wa malipo, nikakatwa shilingi 10,500. Bei ya chupa saba.

Jina la kampuni silitaji, na sijaandika kwa ajili ya fedha hizo. Naandika kwa sababu najua utaratibu mwingine upo na unafanya kazi, maana ninaishi ndani yake. Ukipanda Kilimanjaro, getini kuna mizani. Mzigo wa mpagazi unapimwa, na kikomo ni kilo 20. Ukizidi unapunguzwa pale pale, mtalii anaona, kiongozi anaona, hakuna ubishi. Mizani ile haikuwa zawadi ya mtu. Ililetwa na kelele za miaka mingi kuhusu wapagazi walioumia migongo. Tena mlimani viongozi wanatembea na kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni, wengi wana mtungi wa oksijeni, na hata mpagazi wa mwaka wa kwanza anajua kwamba mtu akiumwa kichwa, akatapika na kuanza kuyumba, ni kumshusha.

Huku nyikani mizani ya mzigo haina maana sana, kwa kuwa mzigo anabeba punda. Cha kupimwa huku ni maji na saa. Nauliza: vizuizi vya ushuru vipo njiani. Gari linasimama, mgeni analipa, risiti inaandikwa. Katika kusimama huko huko, je, ni kazi kubwa mtu mmoja kuuliza mko wangapi, wageni na watumishi, na mmebeba lita ngapi? Kama hesabu haitoshi watu wote, msafara usipite mpaka yaongezwe. Engaruka kuna maduka, maji yapo.

Na ratiba zisichapwe kwa kufuata kifungua kinywa. Wamaasai wanaotembea na mifugo humo miaka yote wanajua kwamba kuanzia saa tano mpaka saa tisa mtu anakaa kivulini. Kijana yule alilisema alfajiri, mbele yetu sote. Hakusikilizwa kwa sababu alionekana ni mtu wa punda tu. Mimi mwenyewe nilikaa kimya, na hilo linaniuma kuliko ile fedha. Nilikuwa na miaka kumi kazini, ningeweza kusema neno.

Nimewaza sana pale Engaruka kwenyewe, maana tuliyapita magofu yale asubuhi tukiwa na haraka. Kuta za mawe, mashamba ya ngazi, na mifereji iliyochimbwa karne nyingi zilizopita kuteremsha maji ya vijito kutoka kwenye ukuta wa bonde. Watu wale walilima mahali pale pakavu kwa kuyapa maji mpango kwanza, kabla ya jambo lingine lolote. Sisi Wachaga tunalielewa hilo bila kuelezwa, tumekulia kwenye mifongo, mifereji yetu ya maji. Babu yangu alikuwa na siku yake ya zamu ya maji, na hakuna mtu wa ukoo wowote aliyethubutu kuigusa siku ya mwenzake. Zamu ya maji ilikuwa ni haki ya mtu. Iweje leo mtoto wa mlimani huu huu ahesabiwe lita tatu kwa siku nzima chini ya Lengai?

Wenzangu wengine wameniambia ninyamaze, kwamba nikiandika hivi wageni wataogopa na kazi zitapungua. Nawaheshimu, wana watoto kama mimi. Lakini nimewahudumia wageni miaka yote hii, na sijamwona hata mmoja ambaye angekunywa maji yake kwa raha akijua aliyemtangulia njiani hana. Wageni wa safari ile waliposikia habari, mama mmoja mtu mzima alikuja jikoni akiwa na chupa zake mbili mkononi, akatuwekea juu ya sanduku bila kusema kitu. Wao walikuwa hawajaambiwa. Nani angewaambia?

Kwa wapagazi wenzangu nina ombi moja. Jina hili la wagumu tunalipenda, na mimi nalipenda, lakini lisitufanye tufiche ugonjwa. Jua halimpi mtu muda kama baridi. Mwenzako akiacha kuimba, akajikwaa mahali pasipo na jiwe, akajibu maneno yasiyohusiana, usimuulize kama yuko poa. Mshike paji la uso. Tafuta kivuli, mvue, mmwagie maji yoyote yaliyopo, ya nani tutajua baadaye.

Shemeji amepona. Alikaa nyumbani wiki mbili, dada yake akimpikia mtori, na mpaka leo jua la saa saba likimpata anaumwa kichwa. Amerudi mlimani. Juzi tumepigiwa simu wote wawili, safari ya Natron, katikati ya mwezi huu, punda wanane. Nimetumiwa ratiba kwenye simu: kuondoka Engaruka ni "baada ya kifungua kinywa." Nimejibu nikiuliza kifungua kinywa ni saa ngapi, na maji ya watumishi ni lita ngapi kila mtu. Leo ni siku ya nne, sijajibiwa, na shemeji ananiuliza kila jioni kama tunakwenda.

Ni mimi msomaji wako,
Mpagazi, Kiboriloni, Moshi