Dada, nilisema batini, siyo bati

Lancaster, Pennsylvania
Februari

Dada yangu Mwanahawa,

Shikamoo. Natumai Mama hajambo na magoti yamempumzisha kidogo. Sisi huku wazima. Kazi ipo, mgongo unasumbua siku za baridi, tuyaache hayo.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya mwisho nikiwa nimekaa kitako kabisa. Umenisema kwa mambo mawili na yote yameniuma. Kwenye simu hunipi nafasi ya kujibu, kwa hiyo naandika. Ukimaliza kusoma msomee na Mama, usiruke mstari.

La kwanza, mabati. Dada, sikusema nimenunua bati. Nilisema nimenunua batini. Hilo ndilo jina la huku la ile pamba ya kulaza katikati ya mfarishi, lile shuka nene la viraka la kujifunika, kati ya kitambaa cha juu na bitana ya chini. Wewe ukasikia bati, ukamwita fundi, ukampa kianzio, na Lushoto nzima ikajua nyumba ya Mama inaezekwa. Sasa fundi anauliza mzigo uko wapi na mimi ndiye ninayeonekana mwongo. Sijawahi kuidanganya nyumba ile hata siku moja. Mwaka wa bomba la maji nani alituma? Ada ya Hamisi mihula mitatu nani alilipa? Sitaki kuhesabu, lakini na wewe usihesabu la bati peke yake.

La pili ndilo lililoninyima usingizi. Umemwambia Shangazi kwamba nimezikata kanga za Bibi kama mtu anayechana matambara ya kupigia deki. Ulikuwepo tulipofungua sanduku. Zile doti sita zilikuwaje? Tatu zimechanika katikati ya mji, moja imeliwa na mende kwenye pindo, zilizobaki ukizishika zinateleza mkononi kwa wepesi. Nani angezivaa? Zingekaa sandukuni na udi wake mpaka zigeuke vumbi. Mimi nimetoa sehemu nzima tu za kumshonea Mama mfarishi, pindo zote nimeziokoa, na jina la ile kanga aliyokuwa akijifunga siku za shughuli, WEMA HAUOZI, nimelikata kipande kimoja, halikugawanyika hata herufi.

Na kama unadhani kukata nguo ya marehemu ni kumvunjia heshima, nikusimulie. Kuna kijiji Alabama kinaitwa Gee's Bend, kimezungukwa na mto pande tatu, watu wake weusi kama sisi, wajukuu wa watumwa wa mashamba ya pamba. Mwaka 1942 mwanamke wa hapo, Missouri Pettway, alikuwa amefiwa na mumewe. Alizichukua nguo za kazi za yule marehemu, suruali na mashati yaliyopauka kwa jua, akazishona mfarishi wa kujifunika, ili amkumbuke. Ndani walikuwa wakitia pamba ya kuokoteza, wanaipiga kwa fimbo mpaka itanuke. Mifarishi ya kijiji hicho ilitundikwa kwenye jumba la makumbusho Houston mwaka 2002, na mwaka 2006 posta ya Marekani ikaitolea stempu. Mfarishi wa Missouri leo uko Washington, kwenye jumba la sanaa la taifa. Hakuna aliyemwita mchanaji wa matambara.

Sasa hiyo pamba yenyewe, maana umeuliza kwa nini nilipe dola thelathini na tano kwa kitu kisichoonekana. Dada, hicho kisichoonekana ndicho mfarishi. Kitambaa ni sura tu.

Mfarishi wangu wa kwanza niliutia ile ya poliesta, imejaa, nyepesi, bei poa, na inapendeza ukiiona kwenye mfuko. Nikatumia kanga yangu mwenyewe nyeusi na nyekundu, alhamdulillahi sikuanza na ya Bibi. Baada ya wiki tatu nyuzi nyeupe zikaanza kuchomoza kwenye kitambaa cheusi, ukizipapasa ni kama ndevu za mzee, na ukizivuta ndiyo unaita nyingine. Usiku joto halitoki, unaamka umelowa. Halafu mistari ya kushonea niliiweka mbali mbali, shibiri mbili na zaidi, kwa uvivu. Nilipoufua, ndani pakahama. Huku bonge, huku patupu.

Bibi mmoja wa Kimenonaiti ndiye aliyenitoa ujinga. Wilaya hii imejaa Waamishi na Wamenonaiti, Wakristo wanaoshika desturi za kizamani, kushona mifarishi wamezaliwa nako, na Jumatano wanawake wa Kimenonaiti hukusanyika kwenye chumba cha chini cha kanisa lao kushona. Walinikaribisha na hijabu yangu, wakanisogezea kiti, wakanipa subana. Yule bibi aliugeuza mfarishi wangu, akaubonyeza, akaniuliza swali moja tu: pakiti ilisemaje? Sikujua kwamba pakiti ya batini huandikwa umbali wa mwisho kati ya mshono na mshono. Kuna zinazovumilia inchi kumi, kwa sababu pamba imesukumwa kwa sindano kwenye utando mwembamba unaoishikilia. Kuna za inchi nne. Na ile pamba tupu ya kizamani isiyo na utando wala gundi inataka inchi mbili, ukizidisha inakukimbia.

Hapo ndipo nilipomkumbuka fundi magodoro wa Pangani. Unamkumbuka? Anatandika sufi barazani kwa Bibi, sisi tunapigwa marufuku kupita maana ikipeperuka inaingia mpaka kwenye chai. Sufi ni laini kuliko hariri lakini haikai, inateleza, unyuzi haushikani na mwenzake. Kwa hiyo alikuwa na ile sindano ndefu kama upanga, anachoma godoro kutoka juu mpaka chini, anavuta uzi, anafunga kifundo, anasogea shibiri moja, anachoma tena. Miaka yote nilidhani yale mashimo ni urembo. Kumbe ndiyo yaliyokuwa yakiizuia sufi isihame. Nilimweleza yule bibi kwa Kiingereza changu na mikono, akaacha kushona akanisikiliza.

Kwa mfarishi wa Mama nilifikiri sana. Sufu ya kondoo ni nyepesi, ina joto, haikunjiki ikabaki na alama, na Lushoto mwezi wa sita na wa saba baridi ni baridi kweli. Lakini sufu inataka ulinzi wa nondo, na mkifua kwa maji moto na kusugua inajisokota. Poliesta nimeshaapa. Pamba tupu ingefaa, ila ile yenye utando ni ngumu kwa sindano ya mkono, na mimi nilitaka nishone kwa mkono wote, cherehani nimetumia kuunganishia viraka tu. Nikachukua ya mchanganyiko, pamba mafungu manane kwa mawili ya poliesta, haina utando, sindano inaingia kama kwenye siagi. Umbali wake inchi nne. Mimi nimeshona kwa inchi mbili na nusu.

Rangi pia si jambo dogo. Batini ya rangi ya asili ina vipande vidogo vidogo vya ganda la mbegu. Nililaza juu yake ile kanga nyeupe ya Bibi, nikaipeleka dirishani, nikaviona vyote. Kanga iliyofuliwa miaka thelathini inapitisha mwanga kama karatasi. Nikairudisha dukani, nikachukua nyeupe. Ndiyo, nilipanda basi mara mbili kwa ajili hiyo.

Na jambo ambalo hapa hawakuwa wamewaza ni hili. Wao hutumia vitambaa vipya, hivyo kitambaa na pamba vinarudi pamoja wakati wa kufua. Kanga za Bibi zilishamaliza kurudi zamani. Pamba ikija kusinyaa peke yake, itazivuta, na kitambaa kilichozeeka kikivutwa kinachanika. Kwa hiyo niliiroweka kwanza kwenye bafu, maji vuguvugu, naibonyeza kwa viganja tu bila kuivuruga, maana ukiikoroga inakuwa uji. Nikaikamua kwa taulo, nikaianika imelala. Ilirudi inchi mbili na zaidi kwa urefu. Hebu fikiri inchi hizo zingetoka wapi.

Ilipokauka nikaitandaza sakafuni usiku kucha ipumzike mikunjo ya kwenye mfuko, sisi tukawa tunapita pembeni kama wageni. Nikaiacha izidi kanga inchi nne kila upande, kwa sababu unaposhona kila kitu kinajivuta kuelekea katikati. Nikapiga bandi kuanzia kati kwenda nje. Upande wa miguuni pamba ilipungua, nikaungia kipande: ncha kwa ncha, zikigusana bila kupandana, nikazivusha uzi huku na huku. Ukipandisha moja juu ya nyingine unapata tuta, na Mama angelisikia kwa unyayo.

Sasa nisikilize vizuri, na hili umwambie Shangazi kwa sauti. Septemba nilipeleka mfarishi huu kwenye maonyesho ya wilaya, nikapata utepe wa bluu. Bluu ndiyo ya kwanza, dada, nyekundu ni ya pili. Mwamuzi aliinamia jina la Bibi muda mrefu, akauliza maana yake. Kisha akashika pindo kwa vidole viwili, akawa analibinya pembe mpaka pembe, pande zote nne, anatafuta mahali palipo patupu. Pamba imejaa mpaka ukingoni, hakupata. Mimi nilisimama nyuma ya kamba natetemeka. Siku ile nilitamani mtu mmoja tu wa kwetu awe pembeni yangu aseme, huyu ni mjukuu wa fulani. Hakuwepo. Nikapanda basi nikarudi kazini.

Basi. Pesa ya mabati natuma tarehe 28, nusu ya kwanza, nusu nyingine katikati ya mwezi wa tatu, fundi aanze kabla masika hayajakolea. Mfarishi anao mtoto wa Mama Zuhura, anafika Dar mwezi wa nne, mpokeeni. Ameuviringisha kwenye shuka, haukukunjwa. Mkiufua ni maji baridi, sabuni kidogo, msiukamue kwa kupinda, mwanikeni kivulini umelala juu ya majani au mkeka, ukining'inizwa umelowa uzito wa pamba utachana mishono. Na Mama asiuweke kabatini kusubiri wageni. Aulalie.

La mwisho. Ile doti ya WEMA HAUOZI tuligawana, jani moja kwangu, jani moja kwako. Kwenye pembe ya kichwani, upande wa kulia, utaona kiraka cheupe kitupu kisichokuwa na nakshi. Nimekuachia wewe. Kata kipande cha jani lako, kikunje ncha, kishonee juu kwa mkono. Sindano ishike kitambaa cha juu tu, isizame kwenye pamba.

Mdogo wako,
Mwanaisha