Kabla Hujanunua Kitabu cha Rejea cha Bunduki za Kale

Duka letu hapa Malindi huagiza vitabu vya mitumba na vile ambavyo havichapishwi tena. Miongoni mwa wateja wetu wamo wakusanyaji wa kumbukumbu za kijeshi, watafiti wa historia ya pwani, na wakazi wenye asili ya Italia wanaotaka kujua babu zao walibeba silaha gani jeshini. Vitabu wanavyovitafuta hutolewa kwa nakala chache, bei yake ni kubwa, na gharama ya kuvisafirisha kutoka Uingereza au Marekani wakati mwingine hukaribia bei ya kitabu chenyewe, kwa hiyo anayechagua vibaya hupata hasara mara mbili. Makala haya yanaeleza jinsi tunavyokipima kitabu kabla ya kumshauri mteja atoe fedha zake.

Kwanza tunauliza mwandishi amejuaje hayo anayoyasema. Katika fani hii maarifa hutoka kwenye nyaraka za serikali na viwanda, au kwenye bunduki zenyewe zilizochunguzwa moja moja na kuandikwa, au kwenye masimulizi ya wauzaji ambayo hunakiliwa kitabu hadi kitabu mpaka yakapata sura ya historia. Mwandishi makini huonyesha lipi limetoka wapi. Wizara ya Vita ya Uingereza, kwa mfano, ilikuwa ikitoa orodha rasmi ya mabadiliko ya zana zake, kila badiliko likiwa na namba yake na tarehe ya kuidhinishwa. Mwandishi wa kitabu cha Martini-Henry au Lee-Enfield, bunduki za jeshi la Uingereza, anayezitaja namba hizo amekupa njia ya kumhakiki. Yule anayejaza kurasa kwa "inasemekana" na "inaaminika" amekuuzia uvumi wenye jalada gumu.

Hata nyaraka rasmi zinahitaji kusomwa kwa uangalifu, kwa kuwa tarehe ya kuidhinishwa, tarehe ya kutengenezwa na tarehe ambayo askari alikabidhiwa bunduki ni mambo matatu mbalimbali. Lee-Enfield Na. 4 iliidhinishwa mwaka 1939, lakini viwanda vilianza kuitoa kwa wingi mwaka 1941. Mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa Afrika Mashariki yenyewe: vita vilipoanza mwaka 1914, askari wengi wa jeshi la Kijerumani huku kwetu walikuwa bado na Mauser ya 1871, inayopiga risasi moja moja kwa baruti nyeusi ambayo moshi wake ulimwonyesha adui mahali alipo mpigaji, ilhali Ujerumani ilikuwa imekwisha kuikubali bunduki mpya ya Gewehr 98 miaka 16 kabla. Bunduki mpya zaidi ziliwafikia baadaye, zikiwemo zilizookolewa kutoka Rubens, meli ya Kijerumani iliyoshambuliwa mwezi Aprili 1915 katika Ghuba ya Manza karibu na Tanga. Kitabu chenye jedwali la miaka peke yake, kisichosema bunduki ilipelekwa wapi na lini, kitampotosha msomaji wa pwani hata kama kila tarehe iliyomo ni sahihi.

Jaribio tunaloliamini kuliko yote ni kukifungua kitabu mahali ambapo jibu tunalijua tayari. Malkia Victoria alifariki Januari 1901, na Lee-Enfield fupi ilikuja baada yake. Basi Lee-Enfield fupi yenye taji na herufi VR (Victoria Regina, yaani Malkia Victoria) haiwezi kuwa imetoka katika kiwanda cha Uingereza, na aghalabu ni kazi ya mafundi wa maeneo ya Njia ya Khyber, kwenye milima kati ya Pakistan na Afghanistan, ambao kwa miaka mingi wamenakili bunduki za Waingereza pamoja na mihuri yake, mara nyingine herufi N ikigongwa kinyume. Tunatazama kama kitabu kinazungumzia nakala za namna hiyo na kama kina picha za karibu za mihuri. Picha ya bunduki nzima iliyong'arishwa na kulazwa juu ya kitambaa chekundu hupendeza macho, lakini mkusanyaji anahitaji kuona maandishi yaliyopo shingoni mwa kitako, chini ya kasiba (mtutu) na juu ya bolti. Vilevile tunatafuta maelezo ya matengenezo ya karakana za kijeshi, kwa sababu bunduki nyingi zilibadilishiwa kasiba na vipuri baada ya vita, na mwandishi anayedai kwamba kila kipuri lazima kiwe cha mwaka mmoja atakufanya uikatae bunduki ya halali.

Umri wa kitabu nao una uzito wake. Mwaka 2003 wafanyabiashara wa Marekani walinunua shehena kubwa ya silaha kongwe kutoka ghala la kifalme la Nepal, zikiwemo bunduki za jamii ya Martini na ile ya Gahendra iliyobuniwa Nepal kwenyewe. Kitabu kilichoandikwa kabla ya hapo hakiwezi kulaumiwa kwa kutozijua, ila mteja asikinunue akitarajia kuzikuta humo. Soma ukurasa wa haki za uchapishaji: neno "toleo la pili" linaweza kuwa na maana ya kitabu kilichoandikwa upya, au maandishi yale yale ndani ya jalada jipya.

Kwa wateja wa Carcano, bunduki ya jeshi la Italia, ushauri wetu ni mfupi: kama unasoma Kiitaliano, nunua cha Kiitaliano. Baadhi ya vitabu vya Kiingereza huikumbuka bunduki hiyo kwa sababu ya mauaji ya Rais Kennedy mwaka 1963 tu, na hupita haraka juu ya habari iliyo tamu zaidi, yaani jinsi Italia ilivyoleta risasi ya milimita 7.35 mwaka 1938 kisha ikarudi kwenye 6.5 vita vilipoanza.

Wenye kumbukumbu za gobori, zinazoshindiliwa baruti mdomoni, na za gumegume, zinazowashwa kwa cheche za jiwe, wana tatizo la pekee, kwa kuwa vitabu vingi huandikwa kuhusu bunduki za majeshi, na zao zilikuja kwa biashara. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia silaha za kisasa kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini ukaacha mwanya kwa bunduki za gumegume zenye kasiba laini, isiyo na mifereji ndani, na baruti ya kawaida. Kwa hizo, kitabu chenye faida ni kile cha mihuri ya majaribio, yaani alama zinazogongwa bunduki ikishajaribiwa na kufaulu, ya Birmingham huko Uingereza na Liège huko Ubelgiji. Muhuri wa Liège ni umbo la yai lenye herufi ELG na nyota, na taji liliongezwa juu yake mwaka 1893; kitabu kisichotaja hata hilo kirudishe rafuni.

Jambo moja la kwetu sisi watu wa bahari: karatasi ya kung'aa ikipata unyevu hugandana kurasa, na zikibanduliwa picha huchunika. Tunamwomba muuzaji apige picha kitabu kikiwa wazi katikati, pamoja na faharasa na kurasa mbili za mihuri tutakazozichagua sisi. Anayekataa, hatununui kwake. Ada ya ukaguzi huo hukatwa katika bei mteja akinunua, na kitabu kikionekana hakifai tunamwandikia sababu.

Duka halinunui, haliuzi wala halipokei silaha ya aina yoyote. Aliyerithi bunduki, hata iwe kuukuu kiasi gani, aulize kwanza kituo cha polisi kuhusu leseni, kwani umri wa bunduki pekee usimfanye adhani kwamba sheria haimhusu.